Kwa nini John Milton hakunyongwa mwaka 1660?

#1 Kibatari
Wakuu, heshima kwenu. Nina swali ambalo kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Tarehe 30 Januari 1649 Waingereza walimkata kichwa mfalme wao, Charles I, mchana kweupe, nje ya Banqueting House pale Whitehall. Wiki mbili tu baadaye mshairi John Milton akatoa kitabu akisema wananchi wana haki ya kumwondoa mfalme dhalimu na hata kumwua. Machi akaajiriwa na serikali mpya kuandika barua zake za Kilatini kwenda mataifa ya nje. Oktoba akatoa Eikonoklastes, kumvua nguo marehemu mbele za watu. Mwaka 1651 akapambana na Salmasius, msomi mkubwa aliyekodiwa kumtetea mfalme kwa Kilatini. Ulaya nzima ilisoma majibizano yale, na kitabu cha Milton kikachomwa moto hadi Paris.

Haya. Mei 1660 Charles II, mtoto wa yule aliyekatwa kichwa, anarudi kukalia kiti. Oktoba watu kumi wananyongwa na kukatwa vipande. Januari 1661 hata maiti ya Oliver Cromwell, aliyetawala nchi baada ya mfalme kuuawa, inafukuliwa, inakwenda kutundikwa Tyburn, uwanja wa kunyongea watu. Maiti! Lakini Milton anakaa kizuizini kidogo, Desemba anatoka, anarudi kwake, na mwaka 1667 anatuletea utenzi wake, Paradise Lost. Akafa 1674 kwa maradhi yake mwenyewe.

Nani alimtoa kwenye orodha? Na kwa nini?

#2 Kijiko
Natandika mkeka hapa. Kahawa iko wapi?

#3 Wakili wa Mtaa
Mbona jibu ni la kisheria tu. Agosti 1660 ilipita sheria ya msamaha, na lengo lake lilikuwa watu wasahau yaliyopita. Wote wanasamehewa isipokuwa waliotajwa kwa majina. Waliotajwa ni wale wa kesi ya mfalme, hasa waliotia saini hati ya kifo, ambao walikuwa 59, na wengine wao walikuwa wameshakufa. Milton hakuwa jaji, hakutia saini, hakushika shoka. Jina lake halimo. Kwisha.

#4 Chaki Nyeupe
Wakili, umekimbia mno. Kati ya wale kumi wa Oktoba yumo Hugh Peter. Huyo alikuwa mhubiri. Hakutia saini, hakuwa jaji, kosa lake lilikuwa mdomo: alihubiri kwamba mfalme ashitakiwe. Akanyongwa tarehe 16, siku moja na John Cook, ambaye naye hakutia saini hati, yeye ni mwendesha mashitaka.

Kwa hiyo maneno matupu yalitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Na Milton hakusahauliwa: Juni 16 Bunge liliagiza akamatwe, na vitabu vyake viwili vikateketezwa na mnyongaji. Swali la Kibatari liko palepale. Alishatajwa, halafu akatoweka kwenye orodha.

#5 Ngalawa
Jibu lina majina mawili: Andrew Marvell.

Marvell alikuwa mbunge wa Hull tangu 1659. Kabla ya hapo, kuanzia 1657, alifanya kazi ofisi moja na Milton kama msaidizi, maana Milton alikuwa kipofu tangu 1652. Mpwa wa Milton, Edward Phillips, ameandika kwamba Marvell ndiye aliyehangaika bungeni kumtetea na kumkusanyia watu wa upande wake. Na hata Milton alipoachiwa Desemba, ofisa wa Bunge aliyemshikilia alimdai ada ya kizuizini pauni 150! Marvell akasimama bungeni kulalamika kwamba hizo ni nyingi kupita kiasi. Hapo ndipo Sir Heneage Finch akajibu kwamba huyo Milton alikuwa katibu wa Cromwell na alistahili kunyongwa.

Pauni 150, wakati mshahara wake enzi za neema ulikuwa kama 288 kwa mwaka. Piga hesabu.

#6 Kijiko
Kwa hiyo unafungwa halafu unalipia chumba? 😂 Halafu huyo Marvell si ndiye wapiga kura wake wa Hull walikuwa wanamtumia bia kwa mapipa, na yeye anawaandikia barua za shukrani? Mbunge wa namna hiyo na mimi namtaka jimboni kwangu. Barua, sio bia.

#7 Mzee Kofia
Ngalawa, kijana wangu, mwaka 1660 Marvell alikuwa nani? Mbunge mmoja, asiye na ukoo mkubwa, ambaye mwenyewe juzi tu alikuwa anakula mshahara wa Cromwell. Mtu wa namna hiyo anamwokoaje mwenzake? Anayeogelea kwa shida hambebi anayezama.

Mimi nashikilia hadithi ya William Davenant. Huyu alikuwa mshairi wa upande wa mfalme. Mwaka 1650 alikamatwa baharini akielekea Marekani kwa kazi ya mfalme, akatiwa Tower of London, roho juu. Inasemwa Milton alimwombea akapona. Ilipofika 1660 meza imepinduka, Davenant akalipa deni. Washairi wawili wa pande mbili wanaookoana. Hapo napaona pana utu.

#8 Chaki Nyeupe
Mzee Kofia, hadithi ni tamu, ila imekuja kuandikwa karne iliyofuata, wote wameshaoza. Kinachojulikana ni kwamba Davenant alipotoka alimwandikia Bulstrode Whitelocke, mkubwa mmoja wa serikali ile iliyomfunga, kumshukuru, wala si Milton.

#9 Mzee Kofia
Mwalimu, mtu anaweza kuwashukuru wawili.

#10 Baridi ya London
Wadau, salamu kutoka kwenye mvua. Mimi nafanya usafi wa ofisi karibu na Barbican, zamu ya alfajiri, na kanisa alipozikwa Milton nalipita kila nikitoka kazini. St Giles Cripplegate. Limezungukwa na maghorofa ya zege, maana eneo lote lile lilipigwa mabomu vita vya pili. Ndani mna sanamu yake. Na kwa wapenda vioja: kanisa hilohilo ndilo alilofungia ndoa Oliver Cromwell mwaka 1620.

Kutoka hapo kwenda Bartholomew Close ni mwendo wa dakika chache kwa mguu. Huko ndiko alikojificha nyumbani kwa rafiki miezi ile ya 1660. Nimepita kutazama, hakuna cha kuona, ila inakupa picha: hakukimbilia Uholanzi, hakuvuka hata mto. Kipofu wa miaka 51, anayejulikana mji mzima, kajificha kwenye mtaa wa palepale mjini. Mnaniambia serikali ilishindwa kumpata? Hawakutaka kumpata.

Kuna simulizi pia kwamba rafiki zake walifanya mazishi ya uongo ili ionekane amekufa, na mfalme alipokuja kujua akacheka sana.

#11 Wakili wa Mtaa
@Baridi ya London hiyo ya mazishi ya uongo itupe. Bunge linaagiza Juni akamatwe, Agosti linatoka tangazo la mfalme linalosema waziwazi amejificha. Marehemu gani anajificha?

Hilo la "hawakutaka kumpata" ndilo nalinunua.

#12 Kibatari
Nawashukuru, nasoma zote. Ila Baridi ya London umeniongezea swali: kwa nini wasitake kumpata?

#13 Ngalawa
Kwa sababu alikuwa kipofu! Maadui zake walikuwa na maelezo tayari: Mungu keshamhukumu. Aprili 1660, kabla hata mfalme hajatua, Roger L'Estrange alitoa kijitabu cha kumshambulia Milton na kichwa chake kilikuwa kejeli kwa upofu wake, kwamba hatutaki viongozi vipofu. Sasa ukimnyonga mzee kipofu unapata nini? Unamfanya shahidi. Ukimwacha, anatembea barabarani kama mahubiri: tazameni mkono wa Mungu. Bure kabisa, hulipi hata mnyongaji.

#14 Dada wa Vina
Ngalawa, sasa umehama Marvell au unashika yote mawili? 😄

Naomba niwarudishe kwa Marvell, maana mnamtaja kama mbunge tu wakati yeye ndiye kitendawili kikubwa kuliko Milton. Milton tunajua alisimama wapi tangu mwanzo hadi mwisho. Marvell je?

Katikati ya 1650 Cromwell anarudi kutoka Ireland. Marvell anaandika ode kumpokea, kwa mtindo wa Horasi wa Roma. Unategemea kasida ya sifa, si ndiyo? Unafika katikati, unamkuta mfalme. Yuko jukwaani, amezungukwa na askari wanaopiga makofi kwa mikono yenye damu. Mfalme hafanyi lolote la ovyo. Anatazama shoka, na jicho lake ni kali kuliko makali yenyewe. Hawalilii miungu kwa kinyongo. Anainamisha kichwa kile kizuri kama mtu anayejilaza kitandani. Beti fupi fupi, mistari miwili mirefu kidogo na miwili mifupi, kila kitu kimetulia. Halafu shairi linaendelea na Cromwell kana kwamba hakuna kilichotokea!

Na mwisho wake haumwambii Cromwell apumzike. Anamwambia ashike upanga wima, kwa kuwa mbinu zilizompa mamlaka ndizo zitakazomlinda. Hiyo ni sifa au ni onyo? Mimi nimeisoma mara nyingi na jibu langu hubadilika kutegemea nimeamkaje.

Mashairi yake yalipochapishwa 1681, miaka mitatu baada ya kufa kwake, karatasi zenye ode hii ziliondolewa karibu kwenye nakala zote. Umma haukuja kuisoma mpaka 1776. Kwa hiyo mkisema "Marvell alimwokoa Milton", kumbukeni mwaka huo 1660 yeye mwenyewe alikuwa na karatasi droo nzima ambazo zingeweza kumponza.

#15 Frateri
Dada, umesoma vizuri ila umeruka mistari ya Ireland. Katika ode hiyohiyo Marvell anasema Waairishi wamefugwa ndani ya mwaka mmoja na wao wenyewe ndio mashahidi wazuri wa wema na haki ya Cromwell. Wema! Septemba 1649 Drogheda, Oktoba Wexford, miji ya Ireland iliyotekwa na jeshi la Cromwell, watu waliuawa mpaka mapadri. Huyo mshairi mwenye jicho pole kwa mfalme mmoja aliyekatwa kichwa hakuona hao wengine?

Na Milton wenu, 1644 anaandika Areopagitica kutetea uhuru wa kuchapa vitabu, mnamwimba hadi leo. Someni vizuri. Anasema wazi kwamba dini ya Papa haimo katika uvumilivu anaouomba. Uhuru wa Waprotestanti kugombana wenyewe kwa wenyewe.

#16 Kijiko
Baba Paroko ameingia na ubani 😅

#17 Frateri
Bado sijafika huko, ni frateri tu. Lakini mnazungumza kana kwamba ugomvi ulianza vita vilipoanza 1642. Rudini nyuma kwa mshairi John Donne. Alizaliwa 1572 kwenye ukoo wa Kikatoliki, mama yake ni wa damu ya Thomas More, mfia dini wa Kikatoliki, mjomba wake Mjesuiti. Mwaka 1593 mdogo wake, Henry, alikutwa na padri chumbani. Padri akaja kunyongwa na kukatwa vipande. Henry hakufika huko, alifia gerezani Newgate. Donne alikuwa kijana wa miaka 21.

Miaka hiyohiyo ya 1590 anaandika shairi lake la dini, anauliza dini ya kweli iko wapi: Roma, Geneva, au hapa nyumbani kwa sababu tu sheria imesema? Anasema Ukweli umekaa juu ya mlima mrefu, na anayetaka kuufikia azunguke, azunguke. Mwaka 1615 akapadrishwa Kianglikana, 1621 akawa mkuu wa St Paul's. Alisadiki au alichoka? Mimi sijui na sidhani yupo anayejua. Ila ana soneti moja anamwomba Kristo amwonyeshe bibi arusi wake ni yupi kati ya makanisa haya, na hiyo haikuchapishwa mpaka 1899. Mkuu wa kanisa kuu haulizi swali hilo hadharani.

#18 Baridi ya London
Donne yupo St Paul's hadi leo, amesimama kwenye sanda! Kabla ya kufa 1631 alijifunga sanda akachorwa, ndipo sanamu ikachongwa kwa mchoro huo. Moto mkubwa wa 1666 ulipoteketeza kanisa la zamani, sanamu yake ilinusurika. Ukiinama ukatazama chungu alichosimamia utaona weusi wa moto umebaki kwenye jiwe.

#19 Wino Mweusi
Nimechelewa uzi. Kwenye hiyo Areopagitica niongeze chumvi. Mimi nimeandikia magazeti, najua makala inavyoweza kukaa mezani kwa mkubwa mpaka habari inanuka. Ndiyo maana nilimpenda Milton nilipomsoma: anasema anayeua kitabu kizuri anaua akili yenyewe. Basi nikaja kugundua kwamba 1651, akiwa mtumishi wa serikali, jina lake linaonekana kwenye rejesta kama mtoa kibali cha gazeti la serikali. Yaani mkaguzi! Miaka saba baada ya kuwatukana wakaguzi.

Sijamchukia. Ila siku hizi nikimsoma nasoma na hilo pembeni.

#20 Chaki Nyeupe
Wino, mwaka uliofuata alihojiwa na kamati ya Bunge kwa sababu alitoa kibali kwa katekisimu ya Wasosini, wanaokana Utatu. Inasemwa alijibu kwamba alifuata imani yake kwamba vitabu visizuiwe. Mkaguzi anayepitisha kitabu cha wazushi. Ni mkaguzi wa aina yake.

#21 Mzee Kofia
Mbona hamsemi lolote kuhusu vigeugeu? Milton na Marvell mnawatesa bure. Edmund Waller huyu hapa. Mwaka 1643 alipanga njama London ya kumsaidia mfalme. Ikagundulika. Akataja kila mtu. Shemeji yake, Nathaniel Tomkins, akanyongwa mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe. Waller akalipa faini pauni 10,000 na kuondoka nchini. Akasamehewa, akarudi, mwaka 1655 akamwandikia Cromwell shairi refu la sifa. Mwaka 1660 mfalme karudi, Waller huyo na shairi la sifa. Charles II akamwambia, mbona la Cromwell lilikuwa zuri kuliko langu? Akajibu: Mtukufu, sisi washairi tunafanya vizuri zaidi kwenye mambo ya kubuni kuliko kwenye ya kweli.

Hadithi hiyo hata kama imetiwa nakshi, nampa tano.

#22 Kijiko
Kwa jibu hilo hata mimi ningemsamehe. Shemeji yake asingemsamehe.

#23 Wakili wa Mtaa
Na John Dryden je? 1659 beti za kumlilia Cromwell, 1660 beti za kumpokea mfalme, 1668 mshairi rasmi wa mfalme. Mwaka 1682 anaitetea Anglikana kwa shairi. Mwaka 1687 keshakuwa Mkatoliki, anaandika The Hind and the Panther: Kanisa la Roma ni paa mweupe asiye na doa, Anglikana ni chui mwenye madoadoa. Na mfalme wa wakati huo ni nani? James II, Mkatoliki. Bendera hufuata upepo.

#24 Frateri
Malizia hadithi basi, wakili. Mwaka 1688 James II akakimbia, akaja William, Mprotestanti. Huo ndio ulikuwa wakati wa bendera kugeuka. Dryden aligoma kula kiapo, akapoteza cheo na mshahara, na nafasi yake akapewa Thomas Shadwell, mtu ambaye Dryden alikuwa amemchana kwa mashairi mpaka akawa kichekesho. Akaishi kwa kalamu hadi kufa 1700, Mkatoliki vilevile.

#25 Wakili wa Mtaa
Mara moja katika maisha haimfanyi mtu kuwa nguzo.

#26 Ngalawa
Picha moja tu nawapa kisha mgombane. Novemba 1658, msafara wa mazishi ya Cromwell. Kwenye orodha ya watumishi wa serikali wanaotembea mle wamo Milton, Marvell na Dryden. Wote watatu, maandamano mamoja. Miaka miwili mbele mmoja amefungwa, mmoja yuko bungeni anamtetea, mmoja anamwimbia mfalme mpya.

#27 Msimamizi
Wadau, mada ni Milton na 1660. Wa Dryden fungueni uzi wenu.

#28 Dada wa Vina
Narudi kwenye mada kwa mlango wa nyuma. Mnatafuta nani alimwokoa, lakini hamwulizi yeye alionaje. Kayasema ndani ya Paradise Lost. Kitabu cha saba anasema sauti yake haijakauka ingawa ameangukia siku mbaya na ndimi mbaya, yuko gizani, hatari zimemzunguka, na upweke. Hiyo si sauti ya mtu anayejua amesamehewa.

Halafu Shetani. Haya, nani atanielewesha Shetani ni nani? Yule anayesema heri kutawala jehanamu kuliko kutumika mbinguni. Wapo wanaosema ni Cromwell: mwasi anayevutia, hodari wa kuhutubia jeshi. Mshairi William Blake alisema Milton alikuwa upande wa shetani bila kujijua.

#29 Chaki Nyeupe
Mimi nimelifundisha hili darasani, na wanafunzi hugawanyika kila mwaka. Soma kitabu cha pili: Shetani amekaa kwenye kiti cha enzi kinachong'aa kuliko utajiri wa Hormuz na India. Anaitisha baraza, anaacha wapambe wazungumze, uamuzi ulishapangwa na yeye na Beelzebub. Hiyo ni serikali ya kifalme, tena ya hila. Kwangu Shetani ana sura ya Charles kuliko ya Cromwell. Na kitabu cha 12 analaani Nimrodi kwa kujifanya bwana juu ya ndugu zake. Msimamo wake wa 1649 haukubadilika hata nukta, kautia tu Biblia.

Wasiosadiki wanakuja na hoja: kama ni siasa, mkaguzi aliipitishaje? Karibu asiipitishe. Thomas Tomkyns, kasisi aliyekuwa anakagua kwa niaba ya askofu mkuu, inasimuliwa alisita kwenye mistari ya kitabu cha kwanza ambapo Shetani aliyefifia anafananishwa na jua lililopatwa, linalomwaga giza la balaa juu ya nusu ya mataifa na kuwatia wafalme hofu ya mabadiliko. Mistari michache kwenye utenzi usio na vina, wenye mistari zaidi ya elfu kumi, naye jicho likatua hapohapo! Akaiacha ipite.

#30 Mzee Kofia
Dada wa Vina, ukiniuliza mimi, Shetani ni Shetani. Mzee wa watu aliamini Biblia.

#31 Kijiko
Na malipo ya kazi yote hiyo? Pauni 5 kwa mkono kutoka kwa mchapaji Samuel Simmons, na 5 nyingine nakala 1,300 zikiisha. Ada ya kizuizini 150, utenzi mkubwa kuliko yote ya Kiingereza 5. Watoto, someni uhasibu.

#32 Wino Mweusi
Nataka nirudi kwa Eikonoklastes, maana naona humo ndimo kulikuwa na hatari kubwa kuliko kwenye vitabu vya Kilatini.

Mfalme alipouawa, mara kikatoka kitabu, Eikon Basilike, kinachosemwa ni sala na tafakari zake gerezani. Mbele kina picha yake amepiga magoti ameshika taji la miiba. Kilichapwa matoleo zaidi ya thelathini mwaka huohuo. Watu walikilia machozi. Milton akapewa kazi ya kukibomoa. Akagundua nini? Sala mojawapo ya mfalme imenakiliwa kutoka riwaya ya mapenzi ya Philip Sidney, sala ya msichana wa kubuni kwa mungu wa kipagani! Akaitangaza. Watu wa mfalme hawakumsamehe kwa hilo. Baadaye wakadai ni yeye aliyeipenyeza.

Na kinachofurahisha: baada ya 1660 kasisi John Gauden alidai faraghani kwamba ndiye aliyeandika kile kitabu, akitaka uaskofu mnono. Akapewa uaskofu. Sasa nijibuni: serikali inayojua kitabu kitakatifu cha mfalme kimeandikwa na mwingine, ingependa kumpandisha Milton kizimbani, aanze kuuliza maswali? Mimi nadhani walikaa kimya kwa sababu hiyo.

#33 Wakili wa Mtaa
Wino, hiyo ni nadharia yako au umeisoma mahali?

#34 Wino Mweusi
Ni yangu. Ivunje.

#35 Wakili wa Mtaa
Rahisi. Kesi za uhaini enzi hizo mshitakiwa hana wakili wa kumtetea kuhusu mashitaka yenyewe, na jaji anamkatiza anavyotaka. Wangemnyamazisha kwa nusu saa. Wangekuwa wanaogopa maswali, wasingempeleka kizimbani John Cook, ambaye alikuwa mwanasheria.

Mimi naongeza jambo ambalo hakuna aliyeligusa: mdogo wake Milton, Christopher, alikuwa mwanasheria wa upande wa mfalme vita nzima, akaja kuwa jaji na kupewa u-Sir na James II. Na wakwe zake, ukoo wa Powell, walikuwa watu wa mfalme. Oxford, ngome ya mfalme, ilipoanguka 1646 walihamia kwake, akawalisha. Familia za London zilikuwa zimechanganyika hivyo. Watu hawanyongi kirahisi kaka wa rafiki yao.

#36 Chaki Nyeupe
Wakili, Henry Vane, yule mwanasiasa wa upande wa Bunge, alinyongwa au alisamehewa?

#37 Wakili wa Mtaa
Alikatwa kichwa Juni 1662. Unataka kusema nini?

#38 Chaki Nyeupe
Kwamba hakutia saini hati ya mfalme, alikuwa na ndugu na marafiki kila kona, na Bunge lenyewe lilikuwa limeomba asiuawe. Mfalme akasema ni mtu wa hatari mno kuachwa hai. Milton alimwandikia soneti ya kumsifu mwaka 1652. Nadharia ya ndugu inafia hapo. Vane alikuwa na uwezo wa kutawala tena. Milton hakuwa nao, alibaki mtu wa vitabu tu, na vitabu walishavichoma.

#39 Kibatari
Hapo ndipo nasitasita, mwalimu. "Mtu wa vitabu tu." Mwaka 1663 L'Estrange, yuleyule wa kijitabu cha kipofu, sasa ndiye mkaguzi mkuu wa wachapaji. Usiku mmoja anavamia duka la mchapaji John Twyn, anakuta karatasi za kitabu kinachosema wananchi wana haki ya kumwadhibu mfalme. Hoja ileile ya Milton ya 1649! Twyn akaambiwa amtaje mwandishi, akakataa. Februari 1664 akahukumiwa, akanyongwa na kukatwa vipande. Mchapaji, baba wa watoto. Hakuandika hata mstari.

Milton wakati huo yuko kwake, anatunga, anaamka asubuhi anangoja mtu wa kumwandikia beti alizozipata usiku.

#40 Mzee Kofia
Twyn alichapa wakati mfalme yuko kitini. Milton aliandika kabla, na msamaha ukamfunika. Na nitajieni mshairi hata mmoja aliyeuawa kwa ajili ya beti.

#41 Frateri
Robert Southwell, Mjesuiti, Tyburn, 1595.

#42 Mzee Kofia
Hiyo ni karne ya 16, na aliuawa kwa upadri wake.

#43 Dada wa Vina
Montrose, Edinburgh, Mei 1650. Alikuwa mshairi.

#44 Chaki Nyeupe
Na jemadari wa mfalme. Beti zake hazikumuua.

#45 Ngalawa
Wakati mnahesabu maiti, mimi nimerudi kwa Finch wa bandiko langu la #5. Sir Heneage Finch aliyesema Milton anastahili kunyongwa hakuwa mbunge wa kawaida. Alikuwa mwanasheria wa serikali, mmoja wa walioendesha mashitaka dhidi ya wale waliomwua mfalme Oktoba ileile. Baadaye akapanda hadi kuwa Lord Chancellor.

#46 Kibatari
Ngalawa, hapo sasa umenigusa. Mwanasheria wa serikali ndiye aliyekuwa na kalamu ya mashitaka mkononi. Oktoba nzima Milton yuko mjini. Finch anangoja mpaka Desemba 17, mtu keshaachiwa, ndipo anasimama kunung'unika habari ya kunyonga, tena kwenye mjadala wa ada? Wakili wa Mtaa, hili nakuachia wewe. Nani alimshika mkono Finch?